Baba mdogo karudi, na kila alfajiri anakaa kimya

Kama hujawahi kupanga Manzese, nikueleze kwanza habari zinavyotembea huku. Bomba moja, choo kimoja, uani mmoja, wapangaji saba. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alipoachiwa kutoka mahabusu na kuja kukaa kwetu, haikupita wiki jirani wa chumba cha mbele akaniita pembeni kwenye kamba ya nguo.

"Mama watoto, samahani, shemeji yako yuko sawa? Kila alfajiri namkuta kwenye kigoda, macho kafumba, hasemi na mtu. Na wewe una mtoto wa kike ndani."

Sikumkasirikia. Mzazi yeyote angeuliza.

Shemeji alikuwa amekaa ndani miaka miwili na miezi saba kwa shtaka la unyang'anyi wa kutumia silaha. Shtaka hilo kwa sheria zetu halina dhamana, na ukitiwa hatiani kifungo hakipungui miaka 30. Kila baada ya siku 14 karandinga lilimleta mahakamani, upelelezi haujakamilika, anarudishwa. Siku moja upande wa mashtaka ukasema hauna nia ya kuendelea na shauri. Akatoka na mfuko wa rambo wenye shati moja. Hakukutwa na hatia wala hakusafishwa, aliachiwa tu.

Sisi tuna chumba na sebule. Watoto wanalala sebuleni, na sasa baba yao mdogo naye. Kabla ya kukamatwa alikuwa konda wa daladala, na waliomjua stendi wanajua mkono wake ulivyokuwa mwepesi. Hofu yangu ilikuwa kwamba miaka ile imemwongezea. Ndiyo maana nilitaka kujua saa zote zile alizitumiaje.

Alinisimulia kidogo kidogo, tukichambua mchele. Kulala kwao kulikuwa kwa ubavu, mmoja akigeuka wanageuka wote. Mfungwa aliyehukumiwa ana shamba au karakana, jioni anarudi amechoka. Mahabusu yeye anasubiri tarehe tu. Ugomvi unaanza kwa kipande cha sabuni, na yeye wiki za mwanzo alipigana mara tatu.

Humo ndani kulikuwa na mzee aliyemtangulia, zamani fundi wa kuandika mabango. Kila jioni baada ya kuhesabiwa alikaa ameegemea ukuta, akahesabu pumzi zake mpaka kumi, akaanza tena moja. Vijana wakamcheka. Shemeji alianza kukaa naye kwa sababu usingizi ulikuwa haumjii, si kwa sababu aliamini chochote. Baadaye mzee akampa kipande cha mkaa na boksi la sabuni lililochanwa, akamwambia achore mkono wake wa kushoto. Alipomaliza akaambiwa haufanani, arudie. Anasema alichora mkono ule ule kwa kama miezi mitano. Hakuna aliyewapangia jambo hilo. Ilikuwa bahati ya kuwekwa selo moja na mtu yule.

Wengi tuliosoma Kiswahili sekondari tunalijua jina la Abdilatif Abdalla. Mwaka 1969, akiwa kijana wa Mombasa mwenye miaka 22, alifungwa miaka mitatu nchini Kenya kwa sababu ya waraka wake ulioikosoa serikali, Kenya: Twendapi? Akiwa ametengwa peke yake, alitunga mashairi na kuyaandika kwenye karatasi za chooni. Alipotoka alikuja hapa hapa Dar es Salaam, akafanya kazi Chuo Kikuu katika taasisi ya uchunguzi wa Kiswahili, na mwaka 1973 mashairi yale yakachapishwa kwa jina la Sauti ya Dhiki. Kwangu hicho kitabu kilikuwa cha mtihani tu, mpaka nilipokuwa na mtu wangu ndani. Nilipomsimulia shemeji, yeye aliyeishia darasa la saba, alicheka: "Karatasi za chooni? Huyo alikuwa anajiweza. Sisi tuligombania boksi."

Kuna nchi ambako halikuachwa kwa bahati. India, katika gereza kubwa la Tihar mjini Delhi, mkuu wa magereza Kiran Bedi aliruhusu mafunzo ya siku kumi za ukimya na kufuatilia pumzi, na Aprili 1994 wafungwa zaidi ya 1,000 walikaa pamoja. Ninachokipenda katika habari hiyo ni kwamba askari nao walipelekwa kujifunza. Malawi, wafungwa na askari wa gereza la Zomba walirekodi nyimbo zao wenyewe, na albamu yao ikateuliwa kuwania tuzo ya Grammy ya mwaka 2016. Nairobi, walimu wa Africa Yoga Project wamekuwa wakiingia gereza la wanawake la Lang'ata kuwanyoosha viungo na kuwafundisha kupumua.

Najua jibu la wengi. Jela ni hoteli? Waliotuibia wafundishwe kuchora, sisi tuliokatwa mapanga tufundishwe nini? Jirani yangu mwingine, mtaa wa pili, mwanawe alichanjwa panga begani na vijana wa Panya Road. Yeye sijawahi kumwambia habari za mkaa na boksi, na sitamwambia. Lakini aliyemkata mwanawe, akikamatwa, iko siku naye atashuka kituo cha Tip Top na mfuko wa rambo, aingie kwenye uani kama wetu wenye watoto. Mimi naulizia habari za huyo anayeshuka, yuko katika hali gani.

Na hapa wazazi wenzangu tuna cha kufanya. Makanisa na misikiti yetu huenda magerezani wakibeba sabuni, miswaki na mawaidha. Mkienda, mwombeni mkuu wa gereza ruhusa ya kuongeza daftari na penseli, na mtu mmoja mtulivu wa kukaa nao. Watoto walioko mahabusu ya watoto Upanga wanazihitaji kuliko mtu mwingine yeyote, maana mtoto wa miaka kumi na minne akisubiri tarehe, miezi miwili kwake ni mwaka.

Wapo wanaoogopa kwamba kukaa kimya macho yamefumbwa ni dini ya watu. Shemeji anaswali swala zake kama kawaida. Nilipomuuliza tofauti akasema kuhesabu pumzi ni kama kunawa uso, hakumzuii mtu kuoga.

Mwanangu wa kiume ana miaka tisa na mkono wake nao mwepesi, shuleni nimeitwa mara mbili. Siku hizi anakaa kwenye ndoo karibu na kigoda cha baba yake mdogo, akifika pumzi ya nne anauliza kama chai imeiva. Simwongezei matarajio. Binti yangu ndiye aliyenasa kwenye kuchora. Jumamosi wanageuza kalenda za zamani, watoto wa uani wote wanazunguka, kila mmoja kaweka mkono wake wa kushoto sakafuni anautazama. Mkaa unachafua vidole na mashuka yangu, nimepiga kelele, sijasikilizwa. Yule mama wa chumba cha mbele sasa analeta wa kwake mwenyewe, akichelewa kuja kuwachukua ujue kuna tamthilia.

Nisiwadanganye kwamba amepona. Karandinga likipita barabarani anaacha anachokifanya, na konda hataki kuwa tena, anapiga msasa vitanda kwa fundi mmoja kwa ujira wa siku. Usiku ndio mgumu zaidi. Tulizoea kufunga sebule kwa kufuli na funguo kuzilaza chumbani kwetu, kama kila mtu Manzese. Usiku wa tatu tulimkuta amesimama mbele ya mlango ule, jasho linamtoka, anahesabu kwa sauti. Mume wangu hakusema kitu. Kesho yake alirudi na komeo la chuma la shilingi elfu sita, akalifunga kwa ndani, ili mdogo wake awe anafungua mwenyewe.