Busia na Malaba: Hapa Ndipo Bei ya Unga Huanzia

Msomaji, ukitaka kujua kwa nini unga wa ugali hupanda bei mwezi huu na kushuka mwezi ujao, usiishie kumlaumu mwenye duka la mtaani kwako. Funga safari uelekee magharibi. Ukitoka Kisumu, pitia Maseno, Yala, Ugunja na Bumala, na barabara itakufikisha Busia, mwisho wa Kenya.

Busia ni miji miwili yenye jina moja, mmoja wa Kenya, mwingine wa Uganda. Ukishika njia ya kaskazini kwa kilomita 30 hivi utafika Malaba, ambako mto wenye jina hilo ndio mpaka. Reli iliyofika Kampala mwaka 1931 huvuka hapo. Mjini Busia utaamkiwa kwa "Mulembe"; Malaba utasikia "Yoga" ya Wateso. Wasamia na Wateso wako pande zote mbili, kwa kuwa mpaka huu ulichorwa na Waingereza, waliouhamisha Mkoa wa Mashariki wa Uganda mwaka 1902 na kuufanya sehemu ya nchi ambayo leo ni Kenya. Hata neno boda boda lina asili yake hapa, kwa wenye baiskeli waliowavusha wasafiri kutoka kizuizi kimoja hadi kingine.

Tembea sokoni asubuhi. Utaona mahindi, maharagwe, njugu na ndizi kutoka Uganda, na akina mama wakipima nafaka kwa gorogoro. Kando yao wabadilishaji fedha wameshika vibunda vya shilingi za nchi mbili. Watu wenye ulemavu nao hupita na baiskeli zao za magurudumu matatu, zimesheheni mizigo. Kila mmoja anajua bei ya ng'ambo, kwani tofauti ya bei ndiyo riziki yake.

Tofauti hiyo hutoka wapi? Uganda huvuna mahindi mara mbili kwa mwaka, katikati ya mwaka na tena mwishoni mwake. Mashamba makubwa ya Trans Nzoia na Uasin Gishu huvuna mara moja tu, kuanzia Oktoba hivi. Kwa hiyo maghala ya Kitale yanapokauka katikati ya mwaka, mahindi mapya ya Uganda ndiyo huja kuupoza moto wa bei. Lakini yakifika kwa wingi wakati mkulima wetu naye anavuna, bei humwangukia yeye aliyenunua mbolea kwa taabu. Ndiyo maana huyu hulilia mpaka ufungwe, na mwenye kinu hulilia ufunguliwe. Wote wawili wana hoja.

Serikali imejaribu njia nyingi. Hadi mwishoni mwa 1993, Bodi ya Nafaka ilishikilia biashara ya mahindi, na kuyahamisha hata ndani ya Kenya kulihitaji kibali. Baadaye soko likaachwa huru. Mwaka 2005 ukaanza umoja wa forodha wa Afrika Mashariki, na mazao ya Uganda yakawa yanaingia Kenya bila ushuru. Februari 2018 marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni wakafungua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani Busia, ambapo msafiri hukaguliwa mara moja badala ya mbili.

Kisha likaja tangazo la Machi 5, 2021. Mamlaka ya Kilimo na Chakula ilipiga marufuku mahindi kutoka Uganda na Tanzania, ikisema yana sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini. Malori yaliyokwisha kupakiwa yakakwama mpakani. Siku tano baadaye marufuku iliondolewa kwa masharti: mwagizaji ajiandikishe, na shehena iwe na cheti cha kuonyesha kuwa sumu haizidi sehemu 10 katika bilioni.

Hofu hiyo haikuwa ya bure. Mwaka 2004 sumu hiyohiyo iliua watu 125, hasa katika Ukambani, na mahindi yaliyowaua yalikuwa ya humuhumu nchini. Kuvu haina pasipoti. Humea popote nafaka inapowekwa ghalani kabla ya kukaushwa hadi unyevu usizidi asilimia 13.5.

Sasa fikiri, msomaji. Ukifunga lango kuu, njia za panya zingali wazi. Mpaka huu ni mashamba, vijito na nyua za majirani. Gunia linalopita langoni laweza kupimwa. Linalopita usiku kwa baiskeli halipimwi na mtu, nalo huishia sufuriani mwako. Tena mwenye malori huweza kungoja siku tano. Mama mwenye magunia matatu ya mkopo hawezi.

Sheria ya Jumuiya tayari inamtambua mama huyo. Mwenye mazao ya Afrika Mashariki yasiyozidi thamani ya dola 2,000 anaweza kupewa langoni cheti chepesi cha asili ya bidhaa, asitozwe ushuru wa forodha. Hata hivyo wengi bado huzunguka vichakani, kwa kutojua haki yao au kwa kuogopa askari. Wakielezwa haki hiyo kwa lugha wanayoielewa, na vipimo vikiwa karibu na vya haraka, watapita langoni, na sisi tutakula ugali salama.

Nanyi wanafunzi, mkipewa kazi ya jiografia juu ya biashara, njooni Busia na daftari. Ulizeni bei ya kilo ya mahindi upande huu, vukeni kihalali mkaulize ng'ambo, kisha linganisheni na bei ya pakiti ya unga nyumbani. Hesabu hiyo itawaonyesha nani anafaidi na nani anaumia.