Kusikia Kabla ya Kuona: Filamu za Makala na Bonde la Tana

Filamu za makala zinazotungwa na wasanii huru zina mazoea yake katika uteuzi wa mada. Aghalabu hutafuta jamii ndogo zenye mila au sanaa ambayo mtazamaji wa mjini ataiona kuwa ya ajabu. Neno hilo "ajabu" halina budi kuchunguzwe kabla ya kamera kuwashwa, kwani ajabu si sifa ya jamii bali ni kipimo cha umbali uliopo baina yake na mtazamaji. Mpokomo anayevuka mto Tana kwa mtumbwi kwenda kulima ng'ambo, na Muorma anayewasili mtoni na ng'ombe wakati wa kiangazi, hawamshangazi mtu yeyote wa Garsen. Mji wenyewe ni njia panda: barabara itokayo Malindi hugawanyika, moja ikaelekea Hola na Garissa, nyingine Witu na Lamu. Wageni wenye kamera hupita hapo. Swali la kihakiki ni wanaondoka na nini.

Umbali huo una kinaya chake. Mwaka 1963 tume ya wanamuziki watano, wakiwamo Graham Hyslop, Thomas Kalume na Washington Omondi, ilipoandaa Wimbo wa Taifa wa Kenya, lahani iliyochaguliwa ilitokana na wimbo wa Kipokomo wa kubembeleza mtoto. Hivyo jamii iliyohesabiwa kuwa ya pembezoni ndiyo iliyowapa Wakenya sauti wanayosimama wima kuiheshimu. Bonde la Tana lilisikika nchini kote hata kabla halijaonekana.

Mpangilio huo wa kusikia kabla ya kuona haukuwa mgeni kwa Wapokomo. Ngadji, ngoma yao kuu ya kimila, ilikuwa mali ya wazee waliopewa siri yake. Mngurumo wake uliwafikia watu wote, ila macho ya wasioingizwa katika siri hiyo yalikatazwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 maofisa wa kikoloni waliichukua, na mwaka 1908 ikaingia katika British Museum jijini London, ikawekwa ghalani. Kwa tendo hilo utaratibu ulipinduliwa: kitu kilichokusudiwa kusikika kikawa kitu cha kutazamwa na kuorodheshwa, nacho kikanyamaza. Mtengenezaji wa filamu anayetaka kusimulia kisa cha ngadji anakumbana na mtihani mkubwa. Akiionyesha ngoma, picha yake inaendeleza lile lililoanzwa na wakoloni. Asipoionyesha, hadhira iliyozoea kuamini macho itamdai ushahidi. Labda hapo ndipo fani inapopata uadilifu wake: kuwaacha wazee waseme huku skrini ikionyesha mto, na kumwacha mtazamaji akose kile ambacho hakikuwa chake.

Dai la ushahidi wa macho lilijitokeza kwa namna ya kutisha mwaka 2012. Tarehe 22 Agosti watu zaidi ya 50, wengi wao wanawake na watoto, waliuawa katika kijiji cha Riketa. Mashambulizi yalifuatana hadi Desemba, na waliokufa, Waorma na Wapokomo, wakapita 100. Kamera zilifika na kunasa majivu na makaburi. Picha hizo hazikuwa za uongo, lakini zilikosa majira. Uhusiano wa mkulima na mfugaji wa Tana hupimwa kwa mvua, kwa mafuriko yanayorutubisha mashamba, na kwa malka, yaani njia ambazo mifugo hupitia hadi majini. Malka ikizibwa kwa shamba, au ng'ombe wakiingia katika mimea, pana neno la kuzungumzwa na wazee. Miaka ambayo neno hilo lilizungumzwa likaisha haikuwa habari, kwa hiyo haikupigwa picha. Mtazamaji hubaki akidhani kwamba uadui ndio tabia ya watu hawa na kwamba amani yao ilikuwa bahati tu.

Tatizo jingine limo katika lugha, nalo hupuuzwa hata na watengenezaji wenye nia njema. Kipokomo ni ndugu wa karibu wa Kiswahili. Kiorma ni lugha ya Kikushi, jamaa ya Kioromo. Msemaji wa Kiswahili anapotazama filamu yenye lugha zote mbili, hudaka maneno ya Mpokomo kwa sikio, hucheka naye, huhisi kusita kwake. Muorma humfikia kwa kusomwa tu, katika tafsiri iliyoandikwa chini ya picha. Hivyo huruma huelemea upande mmoja pasipo mhariri kukusudia. Katika mahali palipomwagika damu, elemeo hilo si suala la ufundi peke yake. Mhariri mwadilifu atampa msemaji wa Kiorma muda mrefu zaidi na ukimya baada ya kauli yake, ili mtazamaji aache kusoma akaitazame sura.

Kwamba njia nyingine inawezekana, kazi za karibu zinathibitisha. Katika *Thank You for the Rain* (2017), Kisilu Musya, mkulima wa Kitui, kaunti inayopakana na Tana River, alishika kamera mwenyewe akapiga picha za maisha ya nyumbani kwake, na jina lake likawekwa kando ya lile la Julia Dahr. Katika *New Moon* (2018), Philippa Ndisi-Herrmann alianza na habari za bandari ya Lamu, akaishia kusimulia safari yake mwenyewe ya kuingia Uislamu. Filamu zote mbili zilikubali kubadilishwa na mahali zilipopigwa.

Katika fasihi simulizi fanani husimama mbele ya hadhira inayoweza kumkatiza na kumsahihisha. Filamu humwondolea fanani hofu hiyo yenye manufaa. Basi kipimo cha filamu kuhusu Tana kisiwe tuzo za ughaibuni. Kiwe kitambaa cheupe kilichotundikwa Garsen jioni, Mpokomo na Muorma wakiwa wameketi pamoja, nayo kazi ikiwa bado haijakamilishwa, ili atakayesema "sivyo" asikike kungali na nafasi ya kurekebisha.