Tunga Uzi Tu

Mimi ni fundi wa nguo hapa Huruma, upande wa Ngei, na kazi yangu kubwa ni sare za shule. Nakuandikia kwa sababu huenda sasa hivi uko pale nilipokuwa.

Tangu utotoni nilikuwa mtu wa kuanza na kutomaliza. Watu walicheka tu. Fundi akikwambia "njoo kesho", nani hushangaa? Nikajificha ndani ya mzaha huo kwa miaka. Nilikuwa nasubiri hadi siku ya mwisho, nakesha, namaliza kwa machozi, nasifiwa, naanguka kwa uchovu, kisha naanza tena.

Halafu ikaja Januari moja. Oda zilikuwa nyingi kuliko zamani. Vitambaa nilishanunua Eastleigh kwa pesa za wateja, na nilishakata vyote. Sketi, shati, kaptula, kila fungu limefungwa kwa kamba na jina la mtoto. Ilibaki kuunganisha.

Sikuweza.

Niliketi mbele ya cherehani. Mkono haukwenda. Nilijua la kufanya. Nilitaka kulifanya. Mwili ukakataa. Kesho yake vivyo hivyo. Kisha hata kuketi nikaacha. Nikazima simu. Nikalala. Sufuria zikaota ukungu. Maji yalikuwa kwenye mtungi, hatua chache kutoka kitandani, na sikuoga. Akina mama wa sare wakabisha mlango. Nikamziba mwanangu mdomo kwa kiganja ili tusisikike. Akanitazama. Yale macho sijayasahau.

Usiku ule lilinijia wazo ambalo sitaliandika. Niliogopa mikono yangu mwenyewe. Nikasema, Bwana, siwezi. Maombi mengine sikuwa nayo. Nikawasha simu, nikampigia mama nyumbani Vihiga. Maneno hayakutoka. Akanisikiliza nikilia, akasema, "Usikate simu, mwanangu."

Alikuja na basi. Hakuuliza mengi. Alifungua dirisha, akachemsha maji, akaenda mlango kwa mlango kuwaomba wateja wangoje. Wengine walimtukana. Aliporudi alivuta kigoda karibu na cherehani, akaanza kuchambua mrenda.

"Usishone," akasema. "Tunga uzi tu."

Nikatunga. Nikashona pindo moja, na jingine. Akitoka kwenda dukani, mkono unasimama. Akirudi, unakwenda. Tulistaajabu wote wawili. Sare zilitoka, zimechelewa, lakini zilitoka.

Kanisani waliniombea, na mama mchungaji akasema nimwone daktari pia. Kabla sijapata ujasiri, tulimpeleka mwanangu KISE, taasisi ya elimu maalumu kule Kasarani, akapimwe, maana shuleni alikuwa hatulii. Kila swali nililoulizwa juu yake, je, hupoteza vitu, huacha kazi katikati, mama alininong'oneza, "Hilo ni lako."

Basi nikaenda Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili. Hospitali ile ipo tangu 1910, na mitaani kwetu jina lake bado ni tusi. Mtoto mtundu hutishiwa nalo. Kwenye matatu nilijifunika leso hadi machoni. Nikakuta foleni ya watu wa kawaida: askari wa lindo, mwanafunzi, mama mwenye kikapu cha nyanya.

Daktari aliuliza sana kuhusu utoto wangu, kwa sababu ADHD, hali ya ubongo ya kutotulia na kukosa umakini, haianzi ukubwani. Dalili zake lazima ziwe zilionekana kabla ya miaka 12. Mama akatoa bahasha yenye ripoti zangu za shule ya msingi. Mwaka baada ya mwaka, walimu waliandika lilelile: ana akili, hamalizi kazi. Daktari akanitenganishia mambo mawili. ADHD nimezaliwa nayo: ubongo unaijua kazi, ila kuianza ndiko kunakoushinda. Ule uchovu ulioniangusha nao ulitokana na miaka ya kujilazimisha. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2019 kwamba uchovu wa aina hiyo ni jambo la kazi na msongo wake, wala haliuhesabu kuwa ugonjwa. Nililia pale pale kitini. Kumbe haukuwa uvivu.

Dawa nilipewa, lakini jina silitaji, kwa kuwa yangu huenda isiwe yako. Sasa napanga chumba pamoja na fundi mwenzangu, ili pasikose mtu kando yangu. Daftari la oda nalifunga Novemba. Hata hivyo Disemba ikikaribia mlango ukibishwa, moyo hunipasuka, nami hunyamaza kidogo kabla ya kuitika.

Kama uko kitandani sasa, ziache hizo sufuria. Mpigie mtu aje aketi nawe, asifanye lolote. Na kama wazo lile limekujia, mwambie leo hii, usingoje kuche. Siku ya hospitali, nenda na aliyekujua ukiwa mdogo, awe dada au shangazi, na ripoti za shule kama zipo. Foleni ni ndefu, beba chai.