Nta Haifuti Mikwaruzo

Hii ilinitokea mwenyewe, sikusimuliwa. Ilikuwa Jumatano, na Jumamosi yake mdogo wangu alikuwa anaolewa. Gari la bibi harusi lilikuwa letu, Toyota Mark II nyeusi ya mume wangu. Tatizo ni kwamba ndani ya nyumba tulikuwa hatuongei. Siku ya kumi na mbili hiyo ni "chakula kipo mezani" na "asante", basi.

Sababu? Hela ya kiwanja. Tulidunduliza miaka miwili tununue kiwanja Ngaramtoni, mwenzangu akamkopesha kaka yake bila kuniambia. Nilipogundua, hata pole sikuipata. Alirudi na doti ya kitenge na manukato, akaviweka kitandani, akaenda zake kuangalia mpira. Mashoga zangu wakanishangaa: "Si amekuletea zawadi? Unataka nini tena?" Nikaanza kujiona mimi ndiye mkorofi.

Basi siku hiyo nikalipeleka gari Ngarenaro, kwa mzee mmoja fundi rangi. Kopo la nta nilishanunua mwenyewe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

"Naomba unipakie hii nta tu, ling'ae. Ni gari la harusi."

Mzee hakuligusa kopo. Alimwita chalii wake, akaliosha gari kwa maji mengi na kulikausha. Kisha mzee akawasha taa kali, akaielekeza kwenye boneti. Mama yangu! Mikwaruzo ya duara duara kila mahali, kama utando wa buibui.

"Nani analifuta hili gari?"

"Mimi, kila asubuhi. Kwa tambara kavu."

Akacheka. Akaniambia vumbi la Arusha linatokana na udongo wa volkano ya Mlima Meru, lina chembe ngumu, ni kama msasa. Ukilifuta kavu, unaisugua rangi kwa mkono wako mwenyewe. Na nyeusi ndiyo haifichi kitu. "Ngarenaro kwa Kimaasai ni maji meusi," akasema. "Rangi nyeusi iko hivyo hivyo, kama maji yaliyotulia. Ukitupa kijiwe, kila mtu anaona."

Nikamuuliza, kwani nta haifuniki? Akanijibu kwamba nta inang'arisha na kuikinga rangi dhidi ya maji, jua na uchafu, lakini haiondoi mkwaruzo. Inaujaza kidogo tu. Ukiosha gari mara kadhaa, nta inaondoka, mkwaruzo unakuta uko pale pale. Kinachoondoa ni polishi, kwa sababu ina chembe zinazosawazisha rangi ya juu, ile mafundi wanayoiita klia.

Alianza na kompaundi, ile ya kukata. Mikwaruzo ikapungua kweli, ila boneti ikabaki na ukungu, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Nikadhani kazi imeisha. "Bado," akasema. Akabadilisha sponji, akachukua polishi laini ya kumalizia, akapitisha taratibu. Hapo ndipo nilipojiona uso mzima, mpaka hereni. Baada ya hapo ndipo akaomba kopo langu la nta.

"Kwa hiyo kila nikitaka kupaka nta, lazima polishi kwanza?"

"Hapana! Utalimaliza gari." Akanieleza kwamba klia ni nyembamba kuliko unywele wa mtu, na kila polishi inakula kidogo. Gari lenye rangi safi, hasa jeupe, linaoshwa tu vizuri na kupakwa nta. Lenye mikwaruzo midogo, polishi laini peke yake inatosha. Lililopigwa kompaundi, hasa la rangi ya giza, usiruke polishi ya kumalizia. Ukiwa na wasiwasi, jaribu sehemu ndogo kwanza, uitazame kwenye mwanga mkali.

Nikarudi nyumbani kimya kimya, lakini kichwani maneno yamejaa. Kumbe kile kitenge kilikuwa nta! Kizuri, kinang'aa, lakini chini yake hakuna aliyegusa kitu.

Usiku nikazima tivii. "Baba watoto, kitenge nimekipenda. Lakini ile hela hatujaizungumza."

Alinyamaza muda mrefu. Mwishoni akasema, "Niliona aibu. Nilijua ungekataa, na ungekuwa na haki." Tukaongea mpaka saa saba usiku. Nililia, na yeye machozi yalimlengalenga. Haikuwa rahisi hata kidogo, maana maneno mengine yanakata. Ila hatukulala na ule ukungu. Kabla ya kulala alinishika mkono, akaniomba msamaha kwa mdomo wake. Tukakubaliana kuwa kitu chochote cha zaidi ya laki mbili kinapita kwa wote wawili.

Hela haijarudi yote mpaka leo, na kiwanja bado hatujanunua. Sitaki kukudanganya kwamba mambo yaliisha kama kwenye filamu. Na mimi nina somo langu. Zamani kila tukikosana nilikuwa nafukua ya mwaka juzi na ya mwaka jana. Siku hizi kilichokwisha kusawazishwa sikisugui tena, maana upendo nao una klia yake, na si nene.

Jumamosi gari lilipopita, watu waliuliza limepakwa rangi lini. Nikamtazama mume wangu, tukacheka. Nilikuwa nimevaa kile kitenge.

Na wewe msomaji wangu, zawadi ya mwisho uliyompa mwenzio ilikuwa ya kumkinga au ya kumfunika? Na lile tambara kavu, tafadhali litupe leo hii.