Je, Tulipie Faharasa ya Mapishi?

Binti yangu ni afisa lishe katika halmashauri mojawapo ya Kanda ya Ziwa. Katika mwaka wake wa kwanza wa ajira aliniandikia ujumbe ambao sikuuelewa nilipousoma mara ya kwanza: “Shikamoo Baba. Naomba unisaidie laki moja nilipie faharasa ya vitabu vyangu vya mapishi.” Nimefundisha chuo kikuu kwa miaka mingi, na nimewaonya wanafunzi wasikiamini upesi kitabu cha kitaaluma kisicho na faharasa. Lakini sikuwahi kusikia mtu akinunua faharasa peke yake, kwa vitabu ambavyo tayari anavyo.

Nilimpigia simu akanieleza. Ipo mitandao inayofanya kazi hiyo. Unaojulikana zaidi, Eat Your Books, ulianza mwaka 2009. Mwanachama huorodhesha vitabu alivyo navyo kabatini. Kisha akiandika “magimbi” au “dagaa”, mtandao humwambia ni kitabu kipi chenye pishi la kitu hicho na viungo vyake vikuu ni vipi. Maelezo ya kupika hayamo, kwa sababu maandishi hayo ni mali ya mwandishi. Anayetaka kupika sharti ainuke, akitoe kitabu kabatini, akifungue. Huduma aliyoitaka yeye siitaji hapa, kwa kuwa hoja yangu haihusu kampuni.

Jibu langu la kwanza lilikuwa la mzazi mwenye mkono mgumu. Nilimuuliza ana vitabu vingapi. Vilikuwa kumi na kimoja. Nikamwambia achukue saa, atafute pishi la maharage katika faharasa za nyuma za vitabu vyote kumi na kimoja, kisha anipigie. Alinipigia baada ya dakika tisa. Nilidhani nimeshinda: laki moja kwa mwaka ili kuokoa dakika tisa! Mwenye vitabu mia na hamsini, apikaye kila siku na asahauye alichokiona wapi, huyo ada hiyo itamfaa. Mwenye vitabu kumi na kimoja atosheke na vidole vyake.

Lakini binti yangu hakunyamaza. “Baba,” alisema, “dakika tisa ni za maharage peke yake. Mimi nina vijiji, na kila kijiji kina kitu chake jikoni. Halafu wewe mwenyewe hulalamika kwamba wanafunzi wako wanataka kazi ya akili bure. Aliyekaa akasoma vitabu hivyo vyote na kuvipanga, yeye hali?” Hoja hiyo ilinichoma. Ni kweli kwamba sisi wasomi huidharau kazi ya kupanga maarifa mpaka siku tunapoihitaji. Mkutubi, mtunza kumbukumbu, mwandaaji wa faharasa: hawa hutajwa mwisho katika shukrani za kitabu, kama wanatajwa. Nilikubali kwamba kazi hiyo ina ujira wake. Lililobaki lilikuwa swali jingine: faharasa ile ingempa alichokuwa akikitafuta?

Tulikubaliana tukutane kwa bibi yake, Kagondo, kabla sijatuma fedha. Kagondo ni mbili, moja ya Bukoba Mjini na nyingine ya Muleba. Kwetu ni ile ya Muleba. Mama yangu anaishi huko bado, katika kibanja alichoolewa nacho, ingawa nguvu za kukipalilia hana tena. Ilikuwa Novemba, msimu wa senene, na watoto walikuwa wameamka alfajiri kuwaokota nyasini.

Baada ya chakula, binti yangu alitoa daftari akamuuliza bibi yake swali lilelile ambalo angeliuliza mtandao. “Bibi, nina dagaa, nina magimbi, nina njugu mawe. Naweza kupika nini?”

Mama alimtazama kwa muda. “Waitu, mjukuu wangu, nani anakula?”

Binti yangu hakuwa na jibu. Bibi akaendelea. Kama anakula mtoto aliyeachishwa ziwa jana, njugu mawe zichemshwe mpaka zilegee, zipondwe, zichanganywe na gimbi, na dagaa wasagwe kwanza mpaka wawe unga. Kama ni mama aliyejifungua, mchuzi uwe mwingi. Kama ni mtu aliyefiwa, asipewe chakula cha kutafuna sana, kwa sababu koo lake limefunga. Kama ni mgeni wa heshima, gimbi lisiletwe peke yake; ziletwe ndizi. Kisha akauliza la pili: “Na mvua imeanza, au bado?” Maana kuna miezi ambayo kibanja kinatoa na miezi ambayo mtu anaishi kwa kilichohifadhiwa.

Nilikaa pale nikagundua kwamba nimekuwa nikisikiliza faharasa. Mama yangu hakuwahi kumiliki kitabu cha mapishi, lakini kichwani mwake mapishi yamepangwa, tena kwa utaratibu ambao vitabu kumi na kimoja vya binti yangu havina. Faharasa ya mtandaoni huanza na kiungo: una nini? Ya mama huanza na mlaji na msimu: ni nani, na ni lini? Kwa afisa lishe swali la pili ndilo lenye uzito zaidi. Kazi yake ni kumlisha mtoto wa miezi minane katika mwezi wa njaa, na kuutafutia matumizi mfuko wa maharage ni sehemu ndogo tu ya kazi hiyo.

Nisije nikaeleweka kwamba nayasifu ya kale yote. Senene wale wale, enzi za ujana wa mama, wanawake waliwaokota, wakawanyonyoa mabawa na miguu, wakawakaanga, kisha kwa mila hawakuruhusiwa kuwala. Chakula chenye protini na mafuta kilipita mikononi mwa mama mjamzito kikaenda kwa mumewe. Utaratibu wa “nani anakula” ulikuwa na hekima, na ulikuwa pia na dhuluma ndani yake. Ndiyo sababu unahitaji kuandikwa: kisichoandikwa hakiwezi kukosolewa wala kurekebishwa, hupotea kizima kizima, kizuri pamoja na kibaya.

Na kupotea kunaendelea. Mnyauko wa migomba ulipoingia Kagera, ukathibitishwa mwaka 2006, kaya nyingi ziling’oa na kuzika mashina yaliyotunzwa kwa vizazi. Kabla ya hapo miradi ilikuwa imeleta migomba ya FHIA, iliyozalishwa Honduras, nayo imesaidia wengi. Lakini kila aina ya mgomba ina mapishi yake. Mama alianza kutaja aina zilizokuwa kibanjani alipoolewa: enshakala, enchoncho, gonja, akaendelea kwa majina ambayo mimi mwanawe sikuyajua, kila moja na namna yake ya kupikwa. Jioni binti yangu alimwomba azirudie ili ahakikishe tahajia. Mama alitaja nne, akasimama, akasema, “Nyingine nimezisahau. Mlichelewa kuniuliza.” Hakusema kwa lawama. Alisema kama mtu anayesema kuni zimekwisha.

Sasa nirudi kwenye fedha, kwa kuwa wasomaji wangu wengi ni watumishi wa umma, nao wanajua kwamba huruma bila kifungu cha bajeti ni maneno. Kagera ni mkoa wa kijani, lakini Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba takriban mtoto mmoja kati ya kila watatu wa mkoa huu walio chini ya miaka mitano amedumaa. Ndizi hujaza tumbo, ila ina protini na mafuta kidogo. Kinachoandamana na ndizi sahanini ndicho kinachoamua, na hapo ndipo ujuzi wa mapishi unapokuwa suala la sera.

Serikali haikukaa kimya. Taasisi ya Chakula na Lishe iliundwa mwaka 1973. Mwaka 2008 yalitoka Majedwali ya Viinilishe vya Vyakula vya Tanzania, kazi ya Chuo Kikuu cha Muhimbili, Taasisi hiyo na Chuo Kikuu cha Harvard. Humo vyakula vyetu vimepangwa kwa makundi, na kila kimoja kimeonyeshwa kina protini, mafuta na madini kiasi gani katika gramu 100. Hiyo ni faharasa, tena haidai ada. Kasoro yake ni kwamba imeandikwa kwa Kiingereza, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii pale Kagondo hataifungua. Halafu, tangu Desemba 2017, wakuu wa mikoa wamekuwa wakitia saini Mkataba wa Lishe, na halmashauri zimeagizwa zitenge angalau shilingi 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Halmashauri yenye watoto 50,000, kwa hesabu hiyo, inapaswa kuwa na shilingi milioni 50 kwa mwaka.

Nauliza: katika milioni hizo, ni kiasi gani kinachokwenda kukusanya na kupanga kile ambacho wanawake wa mkoa huu wanakijua tayari? Tunalipa posho za semina ambamo mtaalamu anamfundisha mama wa Muleba kupika vyakula vya mama wa Muleba. Kumlipa kijana mmoja wa kidato cha sita, mwenye daftari na simu ya kurekodia, azunguke kijiji kwa mwezi mmoja na kuandika nani hulishwa nini na lini, kungegharimu kidogo kuliko semina moja ya hotelini. Kisha maafisa lishe wangeyalinganisha maandishi hayo na majedwali ya 2008, wakayachuja kwa sayansi, wakayatoa kwa Kiswahili na kuyagawa zahanati.

Mwanafunzi anayenisoma anaweza kuniambia kwamba nimeligeuza swali dogo la mtu binafsi kuwa hotuba ya siasa. Nakubali, na nitalijibu lile dogo. Je, inafaa kulipia faharasa ya mtandaoni ya vitabu vya mapishi? Inafaa kwa mwenye vitabu vingi, mpishi wa kila siku, ambaye vitabu vyake vimekwisha kuingizwa katika orodha ile. Kabla hujalipa, hesabu vitabu vyako, uangalie ni vingapi vimo, na ujipime kwa saa kama nilivyompima binti yangu. Vitabu vikiwa vichache, au vingi vikiwa vijarida vya Kiswahili na madaftari ya mkono, utakuwa umelipia kabati la mtu mwingine.

Binti yangu nilimpa ile laki moja. Sikumpa masharti, ingawa nilikuwa na lile moja moyoni. Wiki mbili baadaye alinitumia picha ya daftari: upande wa kushoto ameandika walaji, juu ameandika miezi kumi na miwili, na ndani ya miraba ameanza kujaza vyakula. Fedha aliitumia kwa nauli za kurudi Kagondo na kwenda kwa vikongwe wengine watatu wa kijiji kile. Mtandao hakuulipia. Anasema huenda akaulipia mwakani, vitabu vikiongezeka, na sitamzuia.

Miraba mingi ya daftari lile bado ni mitupu. Mstari wa mtoto aliyeachishwa ziwa, kwa miezi ya Agosti na Septemba, kabla mvua za vuli hazijashika, hauna neno hata moja. Mama anasema aliyekuwa akijua vizuri ya miezi hiyo ni jirani yake, ambaye tulimzika miaka mitatu iliyopita.