Risasi ya saba

Bukavu, Kivu Kusini. Mama mmoja aliyekimbia Minova na watoto wanne, akapokelewa na shemeji yake huko Panzi, alikuta masasi ndani ya kopo la maziwa nyuma ya nyumba, chini ya bati ambapo kijana wake wa miaka 13 huficha vitu vyake. Aliyahesabu kwa macho bila kugusa: sita. Moja ilikuwa fupi kuliko zingine. Kichwa chake kilikuwa kimezama ndani ya ganda.

Alifanya kile ambacho redio zimerudia kila siku tangu vita ilipofika mjini: alitoa watoto pale, akaziba njia kwa benchi, akaenda kumwita muzee wa jirani aliyekuwa askari wakati wa Mobutu. Muzee alichungulia kutoka mbali, akarudi uani na kumwita kijana.

“Hii fupi, papa, nani aliigonga?”

Kijana alijibu polepole. Masasi aliyaokota kwenye mtaro katikati ya Februari 2025, siku zile jeshi la serikali lilipoondoka mjini na M23 wakaingia. Silaha zilibaki ovyo, hata kule kambi Saio. Rafiki yake alimwambia kwamba shaba ya maganda inauzwa Kadutu, na kwamba risasi iliyolegea kichwa ukiigonga kwa jiwe inarudi kuwa mpya, na mpya ina bei kuliko shaba. Nyumbani unga ulikuwa umekwisha. Hesabu yake ilikuwa hiyo tu.

Muzee hakumpiga wala kumtukana. Aliomba pampu ya mpira, akaziba tundu kwa kidole na kumwambia kijana asukume. Mwanzoni mkono uliingia vizuri, kisha ukakwama. Hewa ni ileile, muzee alisema, nafasi ndiyo imepungua. Ndani ya risasi baruti inageuka gesi kwa kufumba na kufumbua, na nafasi yake ya kwanza ni ile ndogo iliyoachwa nyuma ya kichwa. Ukikizamisha kichwa, hata milimita chache, umeiba nafasi hiyo. Baruti haijaongezeka, lakini nguvu inapanda kabla kichwa hakijaanza kutembea kwenye mtutu. Bunduki inaweza kupasuka, na inapasukia shavuni mwa aliyeishika.

Hapo watu wa mji wetu hudanganyika. Wengi wanafikiri hatari iko kwenye baruti peke yake, na urefu ni sura tu. Kumbe risasi ya AK, toka kitako hadi ncha, haipaswi kuzidi milimita 56. Kipimo hicho kimo katika vipimo vya C.I.P., tume ya kimataifa ya silaha iliyoanzishwa mwaka 1914 na yenye makao Ubelgiji. Tume hiyohiyo inaweka kikomo cha nguvu ya gesi ya risasi hiyo: bari 3,550. Tairi la pikipiki ya motari wetu hujazwa kama bari 2. Na hiyo ni risasi nzima iliyotoka kiwandani, haijaona jiwe.

Kwenye nchi ambako sheria inawaruhusu wawindaji kujaza risasi zao wenyewe, kama Marekani, mtu hupima kila moja kwa chombo kinachosoma sehemu ya milimita. Ikiwa ndefu mno, haiingii kwenye magazini, au kichwa kinajikita kwenye michirizi ya mtutu hata kabla ya kufyatua, na nguvu inapanda vilevile. Ikiwa fupi mno, ni habari ya pampu. Risasi ambayo kichwa chake kimesukumwa ndani, wao hawaifyatui.

Muzee aliongeza jambo la namba. Vijana wanasoma 7.62 kwenye sanduku na kufikiri ni kitu kimoja. Namba hiyo ni ya upana. Ile inayofuata ni urefu wa ganda: 39 kwa AK, 51 kwa FAL aliyoibeba yeye mwenyewe ujanani, bunduki ya kiwanda cha FN cha Herstal, Ubelgiji. Upana unaitwa kwa jina moja, lakini nyumba za risasi ni mbili. Ya moja si ya nyingine, hata kama mdomo unafanana.

Mama alikuwa na swali zito kuliko yote hayo: sasa zipelekwe kwa nani? MONUSCO ilimaliza kazi yake Kivu Kusini Juni 2024. Kuzibeba barabarani ni kujitafutia kifo. Tarehe 18 Februari 2025 ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema imethibitisha kwamba M23 waliua watoto baada ya kuingia Bukavu, na kwamba kulikuwa na watoto walioshika silaha. Kuzitupa chooni au kwenye moto wa taka ni kumwachia mwingine msiba. Wakakubaliana kopo libaki palepale bila kuguswa, mawe yapangwe kuzunguka kwa mbali, na shemeji, ambaye ni mwenyeji, aende kwa shefu wa avenyu kwa mdomo mtupu, bila kubeba kitu.

Shemeji alikuwa amekwisha vaa viatu wakati muzee alipomuuliza kijana swali la mwisho: aligonga ngapi kwa jiwe?

“Mbili.”

“Na ya pili iko wapi?”

Kijana alitazama chini. Alimpa yule rafiki, kule juu Cahi, na baba yake rafiki ana bunduki ya kulinda ng'ombe.

Mvua ilikuwa imeanza. Mama alimfunga mtoto mdogo mgongoni, akamshika kijana mkono ili amwonyeshe nyumba, wakaanza kupanda.