Tochi ya Usiku wa Shida

Akina mama wenzetu, katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za malezi, ndoa na mapishi. Leo tunaomba mtuvumilie tuzungumze juu ya kitu kidogo kinachoning'inia nyuma ya mlango, yaani tochi. Wengine mtasema hilo ni jambo la kina baba. Sisi wa Gulwe, wilaya ya Mpwapwa, tulidhani hivyo pia. Tumejifunza kwa machozi kwamba ni jambo la mama, na hatuoni vema kulinyamazia.

Kijiji chetu kipo kando ya Reli ya Kati, ile iliyojengwa na Wajerumani na kufika Dodoma mwaka 1910. Nchi yetu ni kavu sehemu kubwa ya mwaka, lakini mvua zikija, korongo lililokuwa mchanga mtupu asubuhi huweza kuwa mto jioni. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 maji yaling'oa hata reli kati ya Kilosa na Gulwe. Maji yanayong'oa chuma hayamwonei haya mama anayekwenda zahanati usiku. Ni kweli kwamba Wakala wa Nishati Vijijini umefikisha nyaya vijijini vingi, na tangu mwaka 2024 treni ya umeme hupita katika nchi yetu kwenda Dodoma. Lakini nguzo ya umeme haimfuati mtu hadi korongoni. Huko anakwenda na kile alichoshika mkononi.

Kikundi chetu cha akina mama kanisani kina kazi moja tunayoipenda kuliko zote: kuwasindikiza wajawazito uchungu unapoanza usiku. Miaka michache iliyopita tulichanga fedha ili tununue tochi ya kikundi, tukawatuma wawili kati yetu mnadani. Walikuta tochi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kawaida kabisa, yenye balbu moja na nafasi ya betri kubwa mbili. Ya pili ilikuwa ya rangi ya dhahabu, ina mpini, ina taa ndogo tisa na redio pembeni, na bei yake nusu ya ile ya kwanza! Wakanunua ya pili. Fedha iliyobaki tukanunua sahani za kikundi. Siku ile tulimshukuru Mungu kwa kutupa wenzetu wenye akili ya kubana matumizi.

Ilikuja kuwa mwezi wa Februari. Binti mmoja, mkwe wa mwenzetu, alishikwa na uchungu saa saba usiku, na mvua inanyesha. Tulikuwa wanne tukimsindikiza. Tulipofika korongoni maji yalikuwa yanafika magotini. Hapo tochi yetu ya dhahabu ikaanza kupepesa. Tukaipiga kwa kiganja, ikawaka. Tukaipiga tena, ikazima, wala haikuwaka tena usiku ule. Mmoja wetu alikuwa na kitochi, ile simu ndogo ya batani. Tukalitumia tochi lake kuvuka, na tulipofika ng'ambo tukamwita kijana wa bodaboda. Kabla hatujamaliza kumweleza tulipo, simu nayo ikazima chaji.

Mtoto alizaliwa pale pale ukingoni, juu ya kitenge, katika giza. Alilia, nasi tukalia kwa furaha. Tulimshika mama yake, tukasikia kanga zimelowa, tukasema ni mvua. Bodaboda alipotupata baadaye na kutumulikia kwa taa ya pikipiki, ndipo tulipoona kwamba haikuwa mvua.

Bwana alikuwa mwema. Binti yule alifikishwa zahanati, kisha akapelekwa Mpwapwa mjini, akaongezewa damu, akapona. Lakini muuguzi alituuliza swali moja ambalo hatujalisahau: "Alianza kutoka damu saa ngapi?" Tulitazamana. Wanawake wanne wazima, wenye watoto na wajukuu, hatukuwa na jibu.

Kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua ndicho chanzo kinachoongoza cha vifo vya uzazi duniani, na ni jambo linalotakiwa kuonekana mapema. Wala si sisi peke yetu tuliolipata somo hili. Mwaka 2008 daktari wa uzazi kutoka Marekani, Laura Stachel, alifika hospitali moja kaskazini mwa Nigeria, akaona wauguzi wakizalisha gizani umeme ulipokatika. Yeye na mumewe, Hal Aronson, wakatengeneza sanduku dogo lenye taa zinazotumia nguvu ya jua, na masanduku ya namna hiyo yamefika nchi nyingi za Afrika. Sanduku kama hilo ni la hospitali. Njiani na nyumbani mama anahitaji tochi.

Wiki ile ile tuliipeleka tochi yetu kwa babu mmoja mstaafu wa reli. Aliifungua juu ya mkeka. Ndani ya kasha lile kubwa mlikuwa na betri tatu nyembamba za rimoti, na waya mwembamba kama uzi uliokuwa umeachia. Mahali pengine pote palikuwa patupu. Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Babu hakutucheka. Alituambia kwamba zamani, walipokuwa wakitumia taa za mafuta stesheni, taa ya usiku ilifutwa kioo, ikakatwa utambi na kujazwa mafuta mchana, jua likiwaka. "Anayejaribu taa usiku," akasema, "amechelewa." Kisha akatufundisha kuchagua, nasi tunawapeni ninyi yale tuliyoyapata kwake na yale tuliyojifunza baadaye.

Kwanza, tazama betri kabla ya kuhesabu taa. Betri nyembamba ya rimoti na ile kubwa ya tochi zote huandikwa volti 1.5, lakini akiba iliyomo ndani yake si sawa. Ni kama kibuyu na pipa: maji ni yale yale, ila kibuyu hukauka mapema. Taa tisa kwenye betri tatu ndogo ni watoto tisa kwenye sahani moja ya ugali. Kwa safari ya usiku, taa moja nzuri yenye betri kubwa mbili inafaa kuliko taa nyingi zenye njaa.

Pili, chagua taa ya LED. Balbu ya zamani ilikuwa na uzi wa chuma unaopashwa moto hadi ung'ae, hivyo sehemu kubwa ya nguvu ya betri ilipotea kwa joto, na tochi ikianguka uzi ulikatika. LED haina uzi, haivunjiki upesi, na betri zile zile huchukua muda mrefu zaidi. Iliyoleta mwanga mweupe wa namna hiyo ni kazi ya Wajapani watatu, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura mzaliwa wa huko, ambao mwaka 2014 walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia kwa kugundua LED ya buluu. Leo tochi ya LED si kitu cha matajiri tena.

Tatu, ijaribu mbele ya muuzaji bila kuona haya. Bonyeza swichi mara ishirini. Itikise ikiwa inawaka. Igonge kidogo kwenye kiganja. Ikipepesa dukani mchana, itazima korongoni usiku. Fungua kifuniko uone kama springi imekaa imara na kama kuna mpira wa kuzuia maji.

Nne, angalia sana tochi za kuchaji. Zinafaa kwa mwenye umeme au sola, lakini nyingi za bei ndogo betri yake huharibika ikiachwa tupu kwa miezi, na mara nyingi haiwezi kubadilishwa. Wala usiamini kila namba iliyoandikwa. Kwa mfano, betri ya mviringo ya aina ya 18650 kutoka viwanda vinavyoaminika hubeba kiasi cha mAh 3,500 hivi. Ukiona imeandikwa 9,900, jua umeandikiwa uongo.

Tano, nunua kwa mtu utakayemkuta kesho. Aliyetuuzia tochi ya dhahabu hatukumwona tena. Omba risiti, uliza kuhusu dhamana, tafuta alama ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Na kabla hujaondoka hakikisha kwamba betri za tochi hiyo zinauzwa katika duka la kijijini kwako.

Baada ya kununua, kazi haijaisha. Iwashe saa kumi jioni, uiache mpaka mnapokwenda kulala. Ikiwa tayari imefifia, irudishe upesi. Usichanganye betri mpya na kuukuu, kwa kuwa ile dhaifu huzorotesha tochi na huweza kuvuja. Tochi isiyotumika kwa muda itolewe betri. Kutu ikishika vyuma vya ndani, itoe kwa msasa laini. Tulizoea kuanika betri juani zipate nguvu. Nguvu ile ni ya dakika chache tu, na joto huzifanya zivuje. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini akiba ya betri huoza, basi soma tarehe iliyoandikwa.

Hapa tunataka kusema neno juu ya watoto. Betri zilizokwisha si vichezeo. Watoto wetu huzipasua ili wapate ule unga mweusi wa kuchorea, nao una kemikali zisizofaa kuingia mdomoni wala machoni. Hatari kubwa zaidi ni betri bapa kama kifungo, zinazopatikana katika tochi ndogo za funguo na vichezeo vinavyowaka. Mtoto akiimeza na ikakwama kooni, inaweza kuunguza nyama za ndani katika muda wa saa mbili tu. Usimtapishe, usingoje kuona kama itatoka. Mkimbize hospitali saa hiyo hiyo.

Labda mama mwingine atasema, "Mimi nina tochi ya simu, yatosha." Tangu Nokia 1100 ilipotoka mwaka 2003 ikiwa na tochi, simu za namna hiyo zimetusaidia sana, na hatuzidharau. Lakini usiku wa shida simu ina kazi yake, ambayo ni kuita msaada. Ukiimaliza chaji kwa kumulika njia, utafika mahali unaona lakini huwezi kuita, kisha baada ya muda huoni wala huiti. Yalitupata.

Mara nyingi tumefundishana katika vipindi vyetu mfano wa wanawali kumi katika Injili ya Mathayo, sura ya 25, na kila mara tulijihesabu upande wa wenye busara. Baada ya usiku ule tuliusoma upya kwa unyenyekevu. Wote kumi walikuwa na taa. Wote kumi walisinzia. Wale watano hawakuwa wavivu wala waovu kuliko wenzao. Hawakuangalia mapema tu kama mafuta yatawatosha. Nasi tulikuwa na tochi, tulikuwa na maombi, tulikuwa na upendo. Fedha ya betri tuliila kwenye sahani.

Tulirudi kuchanga. Safari hii tulinunua ile ya kawaida, ya balbu moja ya LED na betri kubwa mbili. Haina redio wala mpini wa dhahabu. Inakaa msumarini nyumbani kwa mweka hazina, pamoja na betri mbili za akiba ndani ya mfuko wa nailoni, na kina baba wameambiwa kwa upole kwamba si ya kuwindia fisi zizini. Kila Jumamosi saa kumi jioni mmoja wetu huenda kuiwasha na kuandika jina lake daftarini. Hesabu ya mwaka ilituonyesha kwamba betri zilizonunuliwa ni chache kuliko tulivyoogopa. Ile ya nusu bei ndiyo iliyotugharimu zaidi, na karibu itugharimu mtu.

Mvua zilizopita tulisindikiza mama mwingine, usiku wa manane, kwa njia ile ile. Alijifungua dakika chache kabla ya kufika zahanati. Muuguzi akatuuliza swali lile lile, nasi tulikuwa tumemulika na kuangalia, tukamjibu: "Saa nane na robo, na si nyingi."

Mama mpenzi, leo kabla jua halijazama, chukua tochi yako nyuma ya mlango uiwashe. Bwana atujalie hekima ya mchana kwa ajili ya usiku wa wenzetu.